Moshi wa Nyumba ya Idona

Kila asubuhi, kabla hajamsikia mkwewe akiamka, Idona Swain alikuwa ameshavaa soksi zake mbili mbili, ameshafunga kitambaa cha sufu kichwani, na ameshatoka na fimbo yake kwenda kuwasha moto katika nyumba asiyolala.

Zilikuwa hatua mia moja na kumi na mbili kutoka mlango wa mwanawe Clement mpaka mlango wake mwenyewe. Alizihesabu tangu nyonga ilipovunjika mwezi wa tatu, maana mwenye nyonga nzima hahesabu hatua. Njiani alipumzika mara mbili. Mara ya kwanza alipumzika penye ukuta wa mawe wa Lewin Repetto, na mara ya pili kwenye kijito, akijifanya anatazama bata. Kisha aliingia jikoni mwake, akajishusha polepole kwa kushika ukingo wa meza, akapanga vijiti juu ya gazeti kuukuu, akapuliza. Moshi ukishapanda kwenye dohani na upepo kuusukuma kuelekea mlimani, aliketi kigodani, akanywa chai kikombe kimoja, akamsimulia habari za kijiji marehemu mumewe Gershom aliyekuwa kwenye picha ukutani, kisha akatoka kwenda kumkama Rubi.

Rubi ndiye aliyekuwa sababu ya yote. Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kama kijiko juu ya pua, na tabia yake haikuwa nzuri, lakini maziwa yake yalikuwa mazito hata kijiko kikisita kuzama.

Kule Tristan, kisiwa kilicho peke yake katikati ya bahari ya Atlantiki, majani ni machache kuliko midomo. Mlima unaanzia nyuma ya kijiji, umesimama wima kama ukuta, na mbele ni jabali na bahari. Katikati kimebaki kipande chembamba cha tambarare, na humo humo wamo watu mia tatu kasoro kidogo, kondoo wao, viazi vyao na makaburi yao. Ndiyo maana wazee wa zamani waliweka sheria: kila kaya ng'ombe wawili, hawazidi. Na kaya, sheria ikasema, ni nyumba ambayo ndani yake moto huwashwa na chakula hupikwa. Waliotunga hawakuwaza kwamba siku moja atatokea mtu wa kulala huku na kuwasha moto kule.

Clement alikuwa na ng'ombe wake wawili tayari. Kwa hiyo nyumba ya Idona ikifutwa kwenye daftari la Baraza, Rubi hana majani, na ng'ombe asiye na majani njia yake ni moja, nayo inaishia kwenye kisu.

Wala si nyama aliyoililia Idona. Kila asubuhi alijaza makopo manne ya maziwa. Moja lilikwenda kwa Arnold aliyepofuka, moja kwa muuguzi, moja kwa Lewin mwenye watoto watano, na moja kwa yeyote aliyekuwa na mgonjwa. Jioni walimletea samaki, au bega la kondoo, au kijana wa kumlimia viazi. Kijiji kile kiliishi kwa kupeana hivyo, na hakuna aliyekuwa akipima. Mtu asiye na cha kutoa hakunyimwa. Alipewa sana, na hilo ndilo lililokuwa likimwogopesha Idona usiku anapogeuka kitandani.

Watu wote walijua. Pale mtu akipiga chafya upande wa mashariki, upande wa magharibi wanamwombea afya. Lakini kujua ni kitu kimoja na kusema ni kingine. Hata Lewin, aliyekuwa Mkuu wa Kisiwa kwa kuwa ndiye aliyepata kura nyingi za Baraza, alimkuta kila asubuhi ameegemea ukuta wake, naye akamwuliza bila kucheka:

"Umelalaje kwako, Shangazi?"

"Vizuri, mwanangu. Ila kitanda kinalia upande wa kulia."

"Nije nikikaze skrubu?"

"Acha tu. Nimezoea kelele zake."

Na Lewin hukohoa, akaingia ndani.

Aliyemtia Idona wasiwasi alikuwa Verona Hagan. Dirisha la Verona lilitazamana na dohani la Idona, na kila asubuhi, moto ukiwaka, pazia la Verona lilisogea kidogo likarudi. Verona alikuwa mwanamke pekee katika Baraza. Tena binti yake, Glenda, alikuwa ameolewa, ana mtoto mchanga, yeye na mumewe Aidan wamemaliza kuezeka nyumba yao, na jina lao lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaongoja nafasi ya ng'ombe. Nafasi haipatikani mpaka kaya moja ifutwe.

"Ananihesabia moshi yule," Idona alimwambia mkwewe Noreen, mke wa Clement. "Siku nikikosa, atakuwa wa kwanza kukimbilia Barazani."

Noreen aliendelea kufuma soksi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyatoa kama mtu anayetoa jino.

Kilichomuuma Idona ni kwamba yeye na Verona walikuwa watu wa kuchana sufu pamoja. Mlima ulipopasuka ukatema moto zamani zile na kisiwa kizima kikapelekwa Uingereza, wao wawili walipika chungu kimoja kwa miaka karibu miwili, wakalia pamoja kwa kukosa upepo. Lakini tangu jina la Glenda liingie kwenye orodha, walikuwa wakisalimiana kama watu wanaokutana mlangoni mwa kanisa.

Mwaka ule akaja Msimamizi mpya, Bwana Pell, aliyeletwa na serikali ya Uingereza kwa miaka mitatu kama wenzake waliomtangulia. Mgeni ni kuku mweupe, na huyu alikuwa amevaa na koti la manjano juu, hata ukisimama mashambani ulimwona yuko wapi. Hakuwa mtu mbaya. Alijifunza majina ya watu, akajaribu kula keki za viazi mpaka akazipenda kweli. Ila alipenda kuona mambo kwa macho yake. Alitangaza kwamba siku ya hesabu ya mifugo, mwezi wa sita, atafuatana na bwana mifugo nyumba kwa nyumba, na daftari la kaya mkononi.

Asubuhi ya siku hiyo Idona aliamka, akatia mguu chini, na nyonga ikakataa. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Clement alimkuta ameshika kitanda kwa mikono miwili.

"Leo hutoki, mama."

"Nipe fimbo yangu."

"Sikupi."

"Clement, leo wanahesabu. Moto wangu haujawaka."

"Basi na usiwake!" Clement alikuwa mtu mpole, lakini sauti ilimpanda. "Mimi kila asubuhi nalala macho wazi nikisikiliza fimbo yako kwenye mawe. Ikinyamaza naanza kuhesabu. Nasema, ameanguka. Nikutafute kijitoni, mama? Nikuokote na bata? Maziwa nitakununulia ya unga, dukani yapo."

"Ya unga!" Idona alisema kana kwamba ametukanwa. "Kwani Rubi amekosa nini?"

"Rubi hana makosa. Ni ng'ombe."

Idona alimwita Noreen amsaidie, lakini Noreen hakuwamo nyumbani. Basi akajiburuta mpaka dirishani, akaketi juu ya sanduku, akatazama chini. Dohani lake lilikuwa kavu. Koti la manjano lilikuwa limeshaanza upande wa magharibi, linaingia nyumba na kutoka, bwana mifugo nyuma yake. Zikabaki nyumba saba. Zikabaki tano. Idona alikaa ameshika ukingo wa dirisha akiona nyumba yake imesimama pale kama mtu aliyefariki ambaye jamaa hawajaarifiwa.

Zilipobaki nyumba tatu, moshi ukatoka. Ulitoka kidogo, mwembamba, kisha ukatoka mwingi, mweusi, mzito, ukabingirika juu ya kuta kama sufu chafu. Kisha cheche. Kisha ulimi wa moto ukachungulia nje ya dohani.

"Clement!" alipiga kelele. "Masizi yameshika! Nyumba inaungua!"

Chini huko mtu akaupiga mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa penye ghala, ule ambao ndio kengele ya kijiji. Mtungi ule huita watu kwenye mambo yote, na mara nyingi huwaita kwenda kuvua siku bahari ikitulia. Basi nusu ya wanaume walitoka mbio na makoti ya mpira na chambo mikononi.

"Mwendawazimu gani kaita siku ya uvuvi na mawimbi haya?" mmoja akafoka.

"Moto, wewe! Tupa chambo, shika ndoo!"

"Nyumba ya nani?"

"Ya Shangazi Idona!"

"Nani kauwasha? Si mgonjwa?"

Hapo kila mtu akafunga mdomo akakimbia.

Idona alisema ama apelekwe au atoke kwa kutambaa. Clement akaangalia huku na huku, akaleta toroli la viazi, akatandika gunia, akamketisha mama yake. Basi ndivyo Idona Swain alivyoshuka kijijini siku ya hesabu, miguu imening'inia mbele, ameshika kingo mbili, akipiga kelele, "Taratibu kwenye mawe! Mimi si kiazi!"

Walipofika, Lewin alikuwa juu ya ngazi anaziba dohani kwa magunia yaliyolowa maji. Watu walikuwa wamejipanga kutoka kijitoni wakipitishiana ndoo, na Bwana Pell, koti la manjano likiwa limegeuka la rangi nyingine, alikuwa katikati ya mstari akipokea na kupitisha kama wenzake. Kwenye mlango wa jikoni, wakikohoa, wakatoka wanawake wawili weusi kama sufuria. Mmoja alikuwa Noreen. Mwingine alikuwa Verona wa Baraza, nyusi zimeungua, mkononi bado ameshika fungu la majani mabichi ya kitani, yale ya kuezekea.

Ndoo moja ikamwagika bure.

"Bibi Hagan," alisema Bwana Pell, "ulikuwa unafanya nini humo?"

"Kukohoa," alisema Verona.

"Kabla ya kukohoa."

Verona akamgeukia Noreen. "Mwulizeni huyu! Mimi natazama dirishani, saa inakwenda, moshi hakuna. Nikasema leo hawezi, na leo ndiyo leo. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, nikaweka majani mabichi yatoe moshi wa kuonekana. Kumbe chini yake moto unawaka!"

"Niliuwasha mimi," alisema Noreen. "Kwa kuni kavu."

"Kuni kavu hazitoi moshi, mwanangu! Nani atauona?"

"Sikutaka uonekane. Nilitaka uwake. Sheria inasema uwake."

"Nilipomwona katikati ya moshi," Verona aliwaambia watu, "nilidhani ni Gershom amefufuka. Nikapiga yowe."

"Nami nikapiga," alisema Noreen. "Ndoo ikaniponyoka."

Watu walitaka kucheka, wakatazama koti la Msimamizi, wakameza. Moto ulizimika bila ya kudhuru paa, ila ukuta wa jikoni ulipata ufa na picha ya Gershom ikapata masizi. Bwana Pell akaingia ndani kuhakikisha hakuna kaa lililobaki. Alikwenda jikoni, akaenda sebuleni, akafungua mlango wa chumba cha kulala. Juu ya kitanda cha Idona hapakuwa na blanketi wala mto. Palikuwa na magunia matatu ya viazi vya mbegu.

Alitoka, akasimama mlangoni, akakuna shingo.

"Viazi hivyo," alisema Lewin kutoka juu ya ngazi, "huvilaza kitandani visipate baridi. Mwenyewe hulala chini."

Mtu akapasuka kwa kicheko akajifanya anapiga chafya.

"Bibi Swain," aliuliza Bwana Pell, na sauti yake haikuwa ya ukali, "wewe unalala wapi?"

Idona aliwatazama watu wote wale waliolowa, waliojua na wakanyamaza miezi mitatu. Kusema uongo mbele yao kungekuwa kuwatwika wote.

"Kwa mwanangu," alisema. "Tangu mwezi wa tatu."

Bwana Pell akaandika. Akasema jambo hilo litakwenda Barazani siku ya Alhamisi, la kaya yenyewe, na vilevile la mjumbe wa Baraza aliyeingia nyumba ya mtu kuwasha moto siku ya hesabu. Alilisema akitazama viatu vyake.

Kesho yake Verona akaja kwa Clement, amejipaka mafuta ya kondoo usoni. Aliketi bila kukaribishwa.

"Sema," alisema Idona.

"Niseme nini? Nyusi ndizo zinasema."

"Nilidhani unanihesabia moshi."

"Nilikuwa nahesabu kweli." Verona alijifuta jicho lililokuwa bado linatoa machozi ya moshi. "Siku moshi usipotoka, basi umeanguka, na Clement atakuwa ameshashuka bandarini. Ungekaa chini pale mpaka nani akuone? Wewe ulidhani nataka nini?"

"Nafasi ya Glenda."

Verona alimkazia macho muda mrefu, na Idona akaona kwamba neno lile limeingia ndani kuliko alivyokusudia.

"Glenda nimemwambia kwa mdomo wangu," alisema Verona. "Nafasi ikitoka kwa aliyekufa, tutaipokea na tutamlilia. Ikitoka kwa aliye hai, hatuigusi. Tulikula chungu kimoja, Idona. Au umesahau yale maharagwe ya Uingereza?"

"Maharagwe ya sukari," alisema Idona. "Nani atayasahau?"

Walicheka kidogo, kwa uchungu. Noreen alikuwa pale pale anafuma. Bila ya kuinua kichwa akasema, "Siku za mvua nilikuwa natangulia mimi. Nilikuwa napanga kuni, ili usipige magoti."

Idona akakumbuka. Zilikuwapo asubuhi kama hizo, akikuta vijiti vimeshapangwa, akadhani ni yeye mwenyewe aliyepanga jana akasahau. Alikuwa hata ameanza kuogopa kwamba akili inamtoka.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekataa."

Verona akaeleza mpango. Lewin alikuwa ameshapita kwa wajumbe. Watapeleka marekebisho: mtu akiondoka nyumbani mwake kwa ugonjwa, nyumba yake itahesabiwa kaya kwa miaka miwili. Kura sita zilishapatikana na zaidi zilikuwa njiani. Rubi amepona. Na kuhusu yeye Verona, wakitaka kumtoa Barazani wamtoe tu, amechoka kukaa kwenye kiti kile kigumu.

Siku mbili zile Idona hakulala vizuri. Furaha ilikuwapo, lakini ilikuwa kama soksi iliyofumwa vibaya, inabana mahali. Alikaa dirishani akatazama malisho. Mwezi wa sita majani yalikuwa mafupi kama nywele za mtu aliyetoka hospitali. Akakumbuka mwaka wa njaa ya mifugo, alipokuwa msichana, kondoo wakifa wamesimama wameegemea kuta, na baba yake akirudi malishoni bila ya kusema. Sheria ile ililetwa na mwaka ule. Haikuletwa na Msimamizi yeyote.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wajumbe kumi na mmoja walikaa mezani, Bwana Pell kwenye kiti cha mbele, watu wengine nyuma kwenye mabenchi, na Idona karibu na mlango, kwenye kiti chenye mikono alichobebewa na Clement. Glenda alikuwa amesimama ukutani na mtoto mgongoni, amekunja uso kama mtu aliyeletwa kwenye kesi isiyo yake.

Lewin akasoma marekebisho. Wakasema mmoja mmoja. Kila aliyesema alianza kwa "Shangazi Idona alinifanyia" hivi au vile, na hakuna aliyetaja majani. Bwana Pell akauliza kama wako tayari kupiga kura.

"Bado," alisema Idona.

"Shangazi, tulia," Lewin alinong'ona. "Tumeshamaliza."

"Mimi sijamaliza. Ninaweza kusema nimekaa? Nyonga hii haina adabu."

Bwana Pell akampa ruhusa.

"Nimewasikia," alisema Idona, "na moyo wangu umejaa. Lakini nyonga yangu si sheria. Mkiipindisha leo kwa ajili yangu, kesho ni Arnold na macho yake, keshokutwa ni wewe, Lewin, na mgongo wako ule unaouficha. Nani atakayemkatalia mwenzake hapa? Sote ni ndugu. Majani hayajui undugu. Ng'ombe wakizidi kiasi kwa thelathini, watakufa themanini. Mimi nimeuona mwaka ule, ninyi mmeusikia tu." Akapumua. "Nilikuwa nawasha moto wa uongo. Nilijua. Ninyi mlijua. Nilikuwa naogopa kukaa kwa mwanangu mikono mitupu, nikipokea tu, kopo baada ya kopo, mpaka siku ya kuzikwa."

Akamtafuta Glenda kwa macho, pale ukutani.

"Basi naitoa nafasi yangu. Hamniondoi, bwana Msimamizi, andika vizuri: nimetoa. Iende kwa wa kwanza kwenye orodha, na wa kwanza kwenye orodha mnamjua. Wakitaka, wamchukue Rubi pamoja nayo. Wasipotaka, nitamwita mwenye kisu mwenyewe na nitakuwapo."

"Mama," Clement alisema nyuma yake, akaushika mgongo wa kiti.

"Na kuhusu huyu Verona," alisema Idona, "amekuwa na ruhusa ya kuingia kwangu tangu kabla Bwana Pell hajazaliwa. Aliniunguzia jiko kwa idhini yangu."

Sasa watu wakacheka kweli, na Bwana Pell naye akacheka, akiwa ameshika kalamu. Aliandika neno alilotakiwa aandike. Kisha akafuta jina la nyumba ya Idona kwenye daftari, mstari mmoja wa wino, na Idona akausikia ule mstari ukipita kwenye karatasi. Alikuwa amedhani hautamuuma sana. Uliuma. Aliushika mkono wa kiti mpaka ukapita.

Nje upepo ulikuwa unavuma, na Verona alimfuata akifoka.

"Kura saba! Kura saba tulizitafuta na Lewin nyumba kwa nyumba, na uso umebabuka hivi, nawe unasimama unazitupa!"

"Sikusimama. Nilikaa."

"Usinichekeshe, nimekasirika!"

"Kasirika, lakini usimwachie Aidan amkame. Rubi hapendi mikono ya baridi. Na asimkaribie kwa upande wa kushoto."

Verona alisimama, akamtazama, kisha akamfunga vizuri kitambaa kichwani kana kwamba anamfunga mtoto, huku bado ananuna.

Wiki ya kwanza Rubi alipiga teke ndoo mara nne. Glenda alikuja kila siku na malalamiko, na Idona alimfundisha akiwa ameketi kitandani, akimwonyesha kwa vidole hewani jinsi ya kubana na kuteremsha. Siku ya nane, asubuhi, Glenda akabisha mlangoni kwa Clement, nywele zimejaa majani makavu, na kopo la maziwa limejaa mpaka mdomoni.

"Lililojaa kwanza ni lako, Shangazi. Mengine nimeshapeleka kwa Arnold, kwa muuguzi na kwa Lewin."

Idona alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto bado. Miaka yote ile hakuwahi kupokea kopo la maziwa ya Rubi mlangoni, na mikono yake haikujua ilishike vipi. Akashukuru. Glenda alipoondoka, Idona aliyamimina maziwa kwenye jagi, akaosha kopo, akaligeuza, akalikausha kwa kitambaa, akalikausha tena. Kisha akakaa nalo magotini.

Noreen alimtazama kutoka mezani. Tangu mwezi wa tatu hakuwahi kumruhusu mama mkwe wake ashike hata mwiko, kwa ajili ya nyonga, na Idona alikuwa amedhani ni kwa ajili ya wivu wa jiko.

"Kopo halirudi tupu," alisema Noreen.

"Ndilo ninalowaza. Sina kitu humu."

Noreen akavuta kiti, akakisogeza karibu na jiko mahali ambapo mtu anaweza kufikia kila kitu bila kusimama. Akaweka mezani bakuli la viazi vilivyochemshwa, unga, na kikaango.

"Keki zako huwa haziungui pembeni," alisema. "Zangu huungua."

Idona alinyanyuka, akashika ukingo wa meza, akahama kutoka kiti hiki hadi kile. Alikunja mikono ya sweta. Akaviponda viazi kwa uma, akatia unga kidogo kidogo, akakanda, akasita, akatazama rafu moja na nyingine, zote ngeni kwake.

"Noreen," aliuliza, "chumvi yako unaweka wapi?"